Jinsi ya kupanga insha ya sababu na matokeo: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kuna insha ninayokutana nayo kila muhula, iwe imetoka Kisumu, Kakamega au Nakuru. Swali limesema: eleza sababu na athari za mafuriko. Aya tatu za kwanza zinataja mvua nyingi, ukataji wa miti na mitaro iliyoziba. Aya tatu zinazofuata zinataja vifo, magonjwa na hasara. Kila kilichotajwa ni kweli. Lakini hakuna mahali mwandishi ameonyesha jinsi mti uliokatwa Tinderet, juu milimani, unavyomfikia mama anayelala kwenye sakafu ya darasa huko Ahero, chini uwandani.

Hapo ndipo alama zinapopotea. Mwanafunzi ameandika orodha mbili na kuzipa kichwa kimoja. Msamiati mzito hauziunganishi, na methali kumi hazitaziunganisha. Zinaunganishwa kwenye mpango, kabla ya aya ya kwanza kuandikwa. Tutatumia swali hilohilo la mafuriko tangu mwanzo hadi upate mpango ulio tayari kuandikwa.

## Unachohitaji

- Karatasi mbili tupu. Katika mtihani, tumia ukurasa wa nyuma wa karatasi ya majibu, kisha upige mstari juu ya mpango ukimaliza ili usidhaniwe kuwa jibu.
- Kalamu, na penseli ya kuchora mishale. Mishale hufutwa na kuchorwa tena.
- Saa. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, ina saa moja na dakika arobaini na tano kwa insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Toa dakika kumi za kupanga kila insha. Zitakurudia, kwa sababu hutasimama katikati ya aya kutafuta hoja.
- Swali lenyewe, uliloliandika upya kwa mkono wako. Macho yanayosoma haraka huruka maneno, ila mkono hauruki.
- Kwa insha ya nyumbani au ya chuo: taarifa mbili tatu za kuaminika, na ikiwezekana mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake. Mkulima wa mpunga wa Kano, uwanda ulio karibu na Kisumu, anajua mengi kuhusu mto Nyando ambayo hayamo kitabuni.

## Hatua ya 1: Jua swali linataka upande gani

Pigia mstari neno la amri na neno linaloonyesha upande. "Eleza sababu" ni upande mmoja. "Jadili athari" ni upande wa pili. "Chanzo na athari" ni pande zote mbili. "Eleza athari kisha upendekeze suluhisho" ni kazi mbili, na ya pili inahitaji nafasi yake tangu sasa, si mistari miwili ya haraka mwishoni.

Onyo: swali likitaka athari tu, usitumie nusu ya insha kueleza chanzo. Chanzo kipe sentensi moja au mbili kwenye utangulizi, uendelee. Nimeona insha nzuri sana zikiadhibiwa kwa kosa hili, nayo huumiza kwa sababu mwanafunzi alikuwa anajua.

Umefaulu ukiweza kusema kwa pumzi moja: "Naulizwa kwa nini mafuriko hutokea, na nini huwapata watu baadaye."

## Hatua ya 2: Shusha mada hadi mahali unapopajua

"Mafuriko" ni mada kubwa mno kwa maneno 400. Mafuriko ya Budalang'i, ambako mto Nzoia hupasua kingo zake, yana njia yake. Ya uwanda wa Kano yana njia nyingine. Maji yanayotuama mitaani Nakuru mvua ikinyesha saa moja yana njia ya tatu. Ukiyachanganya yote, sababu zako zitaanza kupingana bila wewe kujua.

Chagua mahali pamoja. Sisi tunachukua uwanda wa Kano, msimu wa mvua za masika. Mahali hukupa vitu vya kushika: mto Nyando, mashamba ya mpunga, udongo mweusi wa mfinyanzi, barabara ya Ahero. Vitu vya kushika ndivyo vinavyoitofautisha insha yako na ya jirani yako.

Swali lisipotaja mahali, tangaza chaguo lako kwenye utangulizi. Likisema "nchini Kenya", mfanye Kano kuwa mfano mkuu, nako kwingine kutaje kwa ufupi. Na usichague mahali usipopajua kwa kuwa panasikika pakubwa. Mwanafunzi wa Njoro ana mengi ya kusema kuhusu mto wa kwao kuliko kuhusu Amazon.

## Hatua ya 3: Mwaga mawazo katika safu mbili

Gawa karatasi katikati. Kushoto andika kila kinachoweza kuwa sababu, kulia kila kinachoweza kuwa tokeo. Dakika tatu. Usichague, usirembe.

Kushoto kwetu kuna: mvua kubwa milimani Nandi, misitu iliyofyekwa, kilimo kwenye miteremko, matope mtoni, uwanda tambarare, udongo unaojaa maji upesi, ziwa lililopanda, watu kujenga karibu na mto.

Kulia kuna: nyumba kuzama, familia kuhamia shuleni, vyoo kufurika, kipindupindu, mbu na malaria, mpunga kuoza, barabara kukatika, watoto kukosa masomo, madeni.

Sasa chukua penseli uchore mishale kutoka kushoto kwenda kulia. Utagundua kwamba baadhi ya vitu havikai vizuri upande wowote. Matope mtoni ni tokeo la kulima kwenye mteremko, na papo hapo ni sababu ya mto kumwagika. Vyoo kufurika ni tokeo la mafuriko na ni sababu ya kipindupindu. Vihamishe vyote katikati na uvizungushie duara. Insha ya orodha haina vitu vya katikati, na wewe ukiwa na vitatu tu umeshaipita.

## Hatua ya 4: Jaribu kila mshale

Ukiwa na dakika kumi za kupanga, tano zitumie hapa. Kila mshale upite majaribio matatu. Ukishindwa moja, ufute au uuelekeze kwingine.

Jaribio la wakati. Je, sababu ilitangulia kweli? Wanafunzi wengi wa pande za ziwa huandika kwamba gugumaji ndilo lililomaliza fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Sasa tazama miaka. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na fulu wakaporomoka mapema katika miaka ya 1980. Gugumaji lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Lililokuja nyuma haliwezi kuwa limesababisha lililotangulia. Mshale huo unafutwa, na mbuta anachukua nafasi.

Lakini kutangulia peke yake hakutoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji lilipungua sana ziwani. Kabla ya hapo fukusi wanaolila gugu hilo walikuwa wameachiliwa, na kipindi hichohicho kukaja hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Wanasayansi wamebishana kuhusu ni lipi kati ya hayo mawili lililochangia zaidi. Mambo mawili yakitangulia kwa pamoja, mpango wako uyataje yote mawili na utumie kitenzi "kuchangia" badala ya "kusababisha". Mtahini huona mara moja kwamba hapa kuna mtu anayefikiri.

Jaribio la "kama isingekuwapo". Iondoe sababu kichwani, kisha utazame kama tokeo linabaki. Kama watu wasingejenga karibu na Nyando, je, mto ungefurika? Ungefurika vilevile. Basi kujenga karibu na mto si sababu ya mafuriko. Ni sababu ya hasara. Usiifute hoja hiyo. Geuza mshale wake uelekee "nyumba kuzama". Hoja ni ileile, ila sasa imekaa mahali pake, na insha imepata ukweli ambao wenzako wengi hawatakuwa nao: kwamba kufurika kwa mto na kuumia kwa watu ni mambo mawili yenye vyanzo tofauti.

Jaribio la "vipi". Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Chukua sentensi inayosemwa na kila mtu, "Ukataji wa miti husababisha mafuriko," uulize: vipi? Majani na mizizi hupunguza kasi ya matone ya mvua na kuyapa maji nafasi ya kuzama ardhini. Miti ikiondoka, maji huteremka juu ya ardhi. Vipi tena? Yakiteremka hubeba udongo. Vipi tena? Mto ukifika uwandani hupoteza kasi, udongo hutua chini, kina cha mto hupungua. Ndipo mvua ambayo zamani ingepita kimya ndani ya kingo inamwagika mashambani.

Tazama ulichopata: sentensi tano, zilizopangika zenyewe. Hiyo ni aya nzima, na hukuhitaji kurefusha maneno.

Jaribu na ziwa pia. Maji ya Ziwa Victoria yakipanda sana, kama yalivyopanda mwaka 2020, Kano hufurika zaidi. Vipi? Mto humwaga maji yake kwa kuwa ziwa liko chini yake. Ziwa likipanda, tofauti hiyo hupungua, maji ya mto hukosa pa kwenda kwa haraka, yanarundikana mdomoni na kuenea kandokando. Ni nadra kukuta hoja hii kwenye insha za shule, ingawa wakazi wa Nyando wanaieleza vizuri sana ukiwauliza.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu: ukishindwa kujibu "vipi" mara mbili mfululizo, hoja hiyo hujaielewa vya kutosha kuiandikia aya. Iache.

Umefaulu ukibaki na mishale minne hadi sita, na kila mmoja una maneno machache ya "vipi" yaliyoandikwa juu yake.

## Hatua ya 5: Chagua umbo

Yapo maumbo matatu, na mishale yako yenyewe itakuonyesha ni lipi.

Sababu nyingi kuelekea tokeo moja: mishale inakutana mahali pamoja. Linafaa swali la "kwa nini".

Sababu moja kuelekea matokeo mengi: mishale inatawanyika. Linafaa swali la "athari".

Mnyororo: kila tokeo linageuka kuwa sababu ya linalofuata. Ziwa Nakuru ni mfano mzuri. Mvua zilizidi kuanzia miaka ya 2010, ziwa likapanda hadi kumeza lango kuu la zamani la mbuga. Maji mengi yakazimua magadi. Magadi yalipopungua, mwani mdogo anaoliwa na heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, ukapungua pia. Heroe wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria, na mandhari yaliyoupa mji sifa yakafifia. Huwezi kupanga upya aya za insha kama hii, kwa sababu kila moja inaisubiri iliyotangulia.

Onyo kuhusu mnyororo: kiungo kimoja kikiwa dhaifu, kila kilicho baada yake kinaanguka. Kama hujui kwa hakika kwa nini heroe waliondoka, usijenge insha nzima juu ya kuondoka kwao.

Kwa swali lenye pande zote mbili, kama letu la Kano, napendekeza sababu kwanza, kisha aya moja fupi ya daraja, kisha athari. Aya ya daraja inaeleza tukio lenyewe: maji yanavyoingia usiku, yanakaa kwa muda gani, kwa nini hayaondoki. Wanafunzi karibu wote huiruka. Bila daraja, msomaji anatoka kwenye matope ya mtoni na kuangukia kipindupindu bila kuambiwa alipitia wapi.

Na usiwe mchoyo wa kukata. Kwa maneno 400, sababu mbili na athari mbili zilizoelezwa zinatosha. Sababu sita zilizotajwa tu hazitoshi.

## Hatua ya 6: Andika kauli yako kwa sentensi moja

Kauli dhaifu: "Mafuriko yana sababu nyingi na athari nyingi." Hakuna anayeweza kuipinga, kwa hiyo haina kazi.

Kauli yenye kazi: "Mafuriko ya Kano huanzia kwenye miteremko iliyovuliwa miti na huzidishwa na ziwa lililopanda, na madhara yake makubwa zaidi huja baada ya nyumba kuzama, kupitia maji machafu na mashamba yaliyopotea."

Kauli hii inaweza kubishaniwa. Mtu anaweza kusema madhara makubwa ni nyumba zenyewe. Vizuri, sasa insha yako ina jambo la kuthibitisha, na tayari imetaja sababu zote mbili na athari zote mbili kwa mfuatano utakaoufuata.

## Hatua ya 7: Jaza mpango kwa sentensi kamili

Usiandike "miti" au "magonjwa" ukadhani utakumbuka ulichokusudia. Neno moja huficha kutojua, lakini sentensi hukufichua mapema wakati bado unaweza kurekebisha. Mpango wetu unakuwa hivi:

Utangulizi. Kano ni uwanda tambarare kati ya milima ya Nandi na Ziwa Victoria. Nyando hupita humo. Kisha kauli.

Aya ya 2, sababu ya kwanza. Miteremko ya juu imefyekwa na kulimwa. Vipi: maji hayazami, hubeba udongo, udongo hutua uwandani, kina cha mto hupungua. Mfano: rangi ya kahawia ya Nyando wakati wa mvua.

Aya ya 3, sababu ya pili. Ziwa likipanda huuzuia mto kumwaga maji. Vipi: tofauti ya kimo hupungua, maji hurundikana. Mfano: mwaka 2020.

Aya ya 4, daraja. Maji yakishamwagika hayaondoki upesi, kwa kuwa ardhi ni tambarare na udongo wa mfinyanzi hunyonya polepole.

Aya ya 5, athari ya kwanza. Maji yaliyotuama huchanganya vyoo na visima. Vipi: watu hunywa maji hayo, kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia, madimbwi nayo huzalisha mbu wa malaria.

Aya ya 6, athari ya pili. Mazao hupotea na shule hugeuka makao. Vipi: mkulima aliyekopa kununua mbegu na mbolea hana cha kuvuna wala cha kulipa, mtoto wake hana darasa wala karo.

Hitimisho. Rudi kwenye kauli kwa maneno mapya: anayetaka kuwalinda watu wa Ahero aanze kazi milimani na kwenye visima.

Angalia aya ya 4 na ya 5. Ya 4 inaishia kwenye maji kutoondoka, ya 5 inaanzia kwenye maji yaliyotuama. Mtiririko ambao walimu wanaudai kila siku unatoka hapo. Ukipanga hivi, viunganishi kama "kwa sababu hiyo", "matokeo yake" na "kutokana na hali hii" huja vyenyewe. Usipopanga, utavibandika mahali ambapo hakuna kilichounganika.

Onyo kuhusu methali: "Dalili ya mvua ni mawingu" imefungua insha nyingi mno, na haithibitishi lolote kuhusu Nyando. Methali iwekwe inapoongeza maana, na kamwe isikae mahali pa "vipi".

Onyo kuhusu takwimu: usitunge. Mtahini hahitaji idadi ya familia zilizohama. "Familia nyingi zilihamia kwenye shule na makanisa" ni kweli, na inatosha.

## Hatua ya 8: Kagua vitenzi vya mpango

Kiswahili kina njia rahisi ya kuficha sababu, nayo ni kauli ya kutendeka. "Misitu iliharibika." "Mto ulichafuka." "Barabara ilikatika." Sentensi hizi ni sahihi kisarufi, lakini aliyetenda hayumo. Katika insha ya sababu na matokeo, huyo ndiye unayetakiwa kumtaja.

Pitia mpango na uzungushie kila kitenzi cha aina hiyo. Vilivyo upande wa sababu vigeuze: nani aliharibu, nini kilichafua? "Misitu iliharibika" inakuwa "wakulima waliotafuta ardhi na wachoma makaa walifyeka misitu". Upande wa athari unaweza kuviacha kiasi, kwa sababu msomaji ameshajua kilichotenda ni maji.

Hukumu zisizo na mipaka nazo zipunguze. "Daima", "kila mtu" na "sababu pekee" hukufanya uonekane hujui Kano. "Mara nyingi", "huchangia" na "hasa" hukulinda na ni kweli zaidi.

## Hatua ya 9: Msomee mtu mwingine mpango

Kwa insha ya nyumbani, mpe mwenzako, dada yako, au mtu yeyote asiyejua swali. Msomee sentensi za mpango tu. Kila anapouliza "vipi?" au "kwa hivyo?", weka alama. Alama mbili kwenye aya moja zinamaanisha kuna kiungo ulichokiruka. Rudi Hatua ya 4 kwa mshale huo pekee, usivunje mpango mzima.

Katika mtihani huna mtu wa kumsomea. Fanya hivi: soma mpango kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Mkulima ana deni. Kwa nini? Mpunga ulioza. Kwa nini? Maji yalikaa. Kwa nini? Mto ulimwagika na ardhi ni tambarare. Kwa nini ulimwagika? Kina chake kimepungua. Ukifika mlimani bila kukwama, mpango umesimama na unaweza kuanza kuandika.

## Ukipata hoja mpya katikati ya kuandika

Hutokea, na mara nyingi huwa hoja nzuri. Usiichomeke kwenye aya uliyomo. Iandike pembeni kwa penseli, malizia aya, kisha uipitishe kwenye majaribio matatu ya Hatua ya 4. Ikipita na ikawa na nguvu kuliko mojawapo ya hoja ambazo bado hujaandika, iweke mahali pa hoja hiyo, usiongeze aya nyingine. Hakikisha pia kwamba sentensi ya mwisho ya aya iliyotangulia bado inaelekeza kwenye hoja hiyo mpya, na kama haielekezi, ibadilishe sentensi hiyo sasa kabla hujasonga mbele.